Siku Niliyojifanya Fundi wa Difu

Aibu hii huwa siisimulii mbele ya wakwe zangu, na si kwamba nawaficha, wao walikuwapo na wanaikumbuka kuliko mimi, kila nikianza kuna mmoja ananisahihisha. Lakini nyinyi ni rafiki zangu na hakuna hata mmoja anayetoka Chawia, kwa hivyo ketini niwaambie, na mkicheka chekeni polepole, mke wangu yuko jikoni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi ni karani wa stoo ya mizigo kwenye stesheni ya Voi, kijana wa suruali iliyopigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia. Cha kwanza kilikuwa mchumba wangu Wakio, mwalimu wa shule huko Chawia (asinisikie nikimwita kitu). Cha pili kilikuwa gari la spoti. Ndiyo, mimi. Kulikuwa na Mzungu mmoja, mhandisi wa shamba la mkonge, aliyekuwa anarudi kwao na hakuna Mzungu mwenzake aliyelitaka gari lile, basi nikalichukua mimi. Lilikuwa la kijani, viti viwili, halina paa, pua ndefu, na liko chini kiasi kwamba ukiketi ndani mbuzi wa Voi wanakutazama kutoka juu.

Sababu ya Wazungu kulikataa nilikuja kuijua baadaye. Ukishalifikisha mwendo wa baiskeli inayoteremka, nyuma linaanza kulia, uuuu, kama fisi aliyefungiwa chooni. Nikampelekea fundi Kalasinga aliyekuwa na gereji nyuma ya maduka, akalisikiliza, akatikisa kilemba, akasema oili ya difu imekufa, niliache Jumatatu anibadilishie. Difu, kwa wale mnaopanda magari bila kuyauliza maswali, ni lile bonge la chuma la mviringo lililo katikati ya magurudumu ya nyuma; ndani mna gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na gia hizo huogelea katika oili nzito. Kazi ndogo, alisema. Lakini mimi Jumatatu haikunifaa, kwa sababu Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kwenda Chawia kumwomba Wakio rasmi kwa baba yake, nami nilikuwa nimeapa kuingia katika boma lile na gari langu likinguruma kwa heshima, siyo likilia kama fisi.

Basi nikasema moyoni, mimi nilikuwa dereva wa lori jeshini wakati wa vita, nitashindwaje na oili? (Ukweli ni kwamba jeshini nilikuwa naendesha tu. Waliokuwa wakibadilisha oili ni watu wengine, na wakati huo mimi nilikuwa nimelala kivulini. Lakini nililala karibu nao miaka mingi, nikadhani kazi imeniingia.) Nikaamua nitafanya mwenyewe, nyumbani, asubuhi ileile ya safari. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Sasa sikilizeni habari ya mikebe. Baba yake Wakio, Mzee Mwadime, alikuwa mzee wa kanisa, na pombe ya mbangara ambayo watu hupeleka siku kama ile haikuwa ikivuka mlango wake. Badala yake alitaka asali. Na asali yenyewe alitaka ya nyika, ya kutoka chini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mfugaji wa nyuki, mizinga yake imening'inia kwenye miti chini ya shamba, na alikuwa amemwambia Wakio kwamba kijana akija na asali nzuri, atajua kijana huyo ana macho ya kuchagua. Nikaenda hadi Miasenyi, pale barabarani ambapo Wakamba huuza asali, nikaonja ya huyu na ya yule mpaka koo likawaka, nikachagua moja nyeusi kidogo, nzito, inayonukia maua ya porini. Nikaitia katika mkebe wa bati wa galoni. Oili ya difu nayo dukani walikuwa wakiipima kutoka kwenye pipa, unakwenda na chombo chako, nami nikaenda na mkebe mwingine wa bati wa galoni, pacha wa ule wa kwanza, maana yote miwili niliiokota tupu stooni kwetu. Ili nisichanganye, ule wa asali nikaufunga kitambaa chekundu shingoni. Mnaona? Nilikuwa mtu wa mpango.

Jumamosi asubuhi nikalipandisha gari juu ya jeki na mawe nyuma ya nyumba za reli, nikatambaa chini. Mjomba wangu Kimbio, aliyekuwa ameteremka kutoka Mwanda ili awe msemaji wetu kwa wakwe, alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, koti lake zuri begani, akinitazama miguu.

"Elija," akasema, "hiyo kazi umefundishwa?"

"Mjomba, hii ni kufungua na kufunga tu."

"Hata upasuaji ni kufungua na kufunga," akasema, akanywa chai.

Nikaizungusha ile nati ya chini kwa spana, ikakataa, nikaipiga teke, ikakubali ghafla, na oili yote ya zamani ikanishukia. Ile oili, jamani, inanuka yai viza lililochemshwa ndani ya lami. Iliingia mkononi ikateremka hadi kwapani, ikaingia nywele, ikaingia jicho. Nikapapasa nje ya gari nikitafuta tambara, mkono ukagusa kitu laini, nikakivuta, nikajifuta uso vizuri kabisa, nikashukuru. Nilipotoka na kufungua macho nikaona nilichoshika ni kitambaa chekundu, na mikebe miwili imesimama kando ya gurudumu, imefanana, inanitazama.

"Mjomba," nikasema, "uliona kitambaa kimetoka kwenye mkebe upi?"

"Mwenye mikebe ni wewe," akasema mjomba.

Nikainusa. Wa kwanza ukanuka yai viza. Wa pili ukanuka yai viza. Kikombe cha mjomba nikakinusa, nacho kikanuka yai viza, maana pua yangu yote ilikuwa imejaa ile oili ya zamani na dunia nzima ilikuwa na harufu moja. Kuchovya kidole nionje sikutaka, kwa sababu nilifikiri nikionja ya difu nitaharibu tumbo siku ya ukweni. (Hapo nilijihurumia mimi, wengine sikuwafikiria.) Basi nikatumia akili. Nikajiambia, mtu mwenye mpango kama mimi lazima mkebe wa oili angeuweka karibu zaidi na gari. Nikauchukua ulio karibu, nikairudisha nati ya chini, nikafungua ya juu, nikachomeka mpira katika tundu lake, nikamimina.

Ikateremka polepole, nzito, rangi ya dhahabu iliyokolea, inang'aa kwenye jua. Nilifurahi sana. Hata mjomba aliinama akatazama.

"Inapendeza," akasema.

"Oili mpya ndivyo ilivyo," nikamwambia, kama mtu aliyezaliwa gereji.

Nyinyi mmeshajua nilichomimina. Mimi sikujua. Nilijaza difu mpaka ikamwagika kidogo tunduni, nikakaza nati, nikaona sisimizi wamepanga mstari kuelekea kwenye ile iliyomwagika, nikawafagia na kusema sisimizi wa Voi hawana adabu. Kisha nikaoga kwa sabuni ya kufulia, nikavaa, nikachukua mkebe uliobaki umejaa, nikaufunika kitambaa cheupe kilichodariziwa na dada yangu, nikamkabidhi mjomba aupakate.

Na niwaambie ukweli, gari halijawahi kwenda vizuri kama siku ile. Tulitoka Voi tukashika njia ya Mwatate, nikaongeza mwendo, nikasubiri mlio wa fisi, kimya. Nikaongeza tena, kimya, linateleza kama paka kwenye zulia. Nikamtazama mjomba. Nilijisikia mtu ambaye angeweza kuombwa ushauri na reli nzima.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Sijasikia kitu."

"Basi ndiyo hiyo kazi."

Mwatate tukasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Mjomba akavuta hewa mara mbili, tatu, akainua kile kitambaa cheupe, akakagua mkebe chini, akakagua suruali yake.

"Elija, asali inanukia sana na mkebe hauvuji."

"Asali nzuri hunukia hata ikifungwa," nikasema. Pua yangu ilikuwa imeanza kupona na mimi pia niliisikia, tamu, ya moto, kama mtu anapika halua mahali fulani, nikafikiri labda kweli kuna mtu anapika halua. Nzi wachache walikuwa wamekaa kwenye gurudumu la nyuma. Nikawafukuza kwa kofia.

Kutoka Mwatate kupanda Chawia ni mlima na kona, na gari lilipoanza kusukuma, difu ikapata moto, na asali ikipata moto huwa maji, nayo ikaanza kutafuta njia ya kutoka, huku kwenye ekseli, huku kwenye breki, inadondoka barabarani tone baada ya tone. Nyuki wa kwanza alinijia kwenye kona ya pili. Nikampungia. Akaja na mwenzake. Mjomba akashusha kofia mpaka masikioni, akainua kola ya koti, akaukumbatia mkebe, hakusema neno tena mpaka tulipofika, na mimi nikadhani anatunga hotuba.

Tukaingia bomani. Nilikuwa nimeota siku hiyo miezi mingi na ilianza kama nilivyoiota, wazee wamesimama na mchungaji wao wa kanisa, akina mama wamejipanga, Wakio anachungulia pembeni mwa mlango wa jiko akijifanya hachungulii. Nikalisimamisha gari uani, mbele ya nyumba, ili wote walione. Mzee Mwadime akalizunguka mara moja mikono ikiwa nyuma, akasema, "Ni fupi," akatukaribisha ndani.

Akaomba kwanza, na maombi yake hayakuwa mafupi. Mjomba akasema maneno yetu, vizuri sana, kisha akautoa mkebe na kuuweka mbele ya mzee. Bakuli likaletwa na Wakio mwenyewe. Dada mkubwa wa Mzee Mwadime, shangazi Mghoi, akamimina kidogo, akachovya ncha ya kijiko, akaonja wa kwanza.

Nilikuwa namtazama yeye, kwa hivyo niliona. Uso haukusogea. Macho tu yalifunguka kidogo, yakanitazama, yakarudi kwenye bakuli. Akameza kitu fulani, sijui mate au nini, akampa kaka yake bakuli. Mzee Mwadime akachovya, akaonja, akakaa. Watu wote wakamngojea yeye, mjuzi wa asali.

"Ni ya nyika," akasema mwishowe.

"Ya Miasenyi, mghosi," nikasema kwa fahari, nikimwita mzee kwa heshima ya Kitaita.

"Inajulikana," akasema. "Ina nguvu."

Mzee aliyeketi kando yake akaonja, akasema ina nguvu kweli. Aliyemfuata akasema haijawahi kutokea yenye nguvu kama hii, na macho yakamtoka machozi. Hakuna aliyetaka kumwaibisha mgeni, na baada ya Mzee Mwadime kusema ni asali, nani angesimama aseme si asali? Bakuli likazunguka chumba kizima hivyo, kila mmoja akisifu na kutafuta maji, mpaka likamfikia mjomba wangu. Mjomba akachovya. Akanigeukia polepole sana, na nilimjua mjomba, nikaona anakaribia kusema jambo ambalo halikuwa kwenye hotuba.

Hakupata nafasi. Nje mtu alipiga mayowe.

Tukakimbilia mlangoni. Gari langu lilikuwa limebadilika rangi. Nyuma yote, kuanzia magurudumu hadi kwenye sahani ya namba, lilikuwa jeusi na linatembea, na chini yake kulikuwa na kidimbwi kidogo kinachong'aa, na kutoka chini ya shamba, kutoka kwenye ile mizinga ya Mzee Mwadime, nyuki walikuwa wanakuja kama moshi unaorudi nyumbani. Na nyuki anayepora asali hana urafiki. Aliyekuwa karibu kuliko wote ni mzee yule wa machozi, alipigwa sikioni, na hapo heshima yote ikaisha, wazee wakainua kanzu na makoti wakakimbia, akina mama wakabeba watoto, mimi nikakimbia na bakuli mkononi sijui kwa nini, na wote tukaishia jikoni kwa sababu jikoni kulikuwa na moshi. Shangazi Mghoi akarusha majani mabichi motoni, akafunga mlango.

Kwa hivyo pigeni picha akilini. Jiko dogo la mawe na nyasi, ukoo wa mke na ukoo wa mume, mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa mle tangu asubuhi, sufuria za sherehe, na moshi unaokata pumzi. Watu wote wanalia machozi. Mjomba amebanwa kati ya mbuzi na mchungaji. Mimi nimebanwa na Wakio, bega kwa bega, jambo ambalo siku nyingine lingenifurahisha.

Shangazi Mghoi ndiye aliyesema, kwa sauti ya utulivu kabisa.

"Elija, mwanangu. Nyuki wale wanakula asali kwenye gari lako."

"Naona, shangazi."

"Kama asali iko kwenye gari, kwenye mkebe kuna nini?"

Nilifungua kinywa, moshi ukaingia. Nikatazama bakuli mkononi mwangu. Nikalinusa, na sasa pua ilikuwa imepona vizuri. Kisha nikaeleza, kwa maneno machache, habari ya difu, na mikebe, na kitambaa chekundu, na nilipofika kwenye kitambaa sauti ilikuwa imekwisha. Nje nyuki wanavuma. Nilijua nimemaliza kila kitu, kwamba Wakio atapewa mwalimu mwenzake mwenye baiskeli, na kwamba nitarudi Voi kwa miguu na kuishi peke yangu kwenye nyumba za reli mpaka nistaafu.

"Kumbe ni oili ya gari," akasema mzee wa sikio lililovimba.

"Kaka," shangazi Mghoi akamwambia Mzee Mwadime, "wewe ulisema ni ya nyika."

"Nilisema ina nguvu," akasema Mzee Mwadime.

"Ulianza na ya nyika."

"Na wewe ulionja kabla yangu, ukanipa."

"Mimi nilikuwa nangoja mjuzi aseme."

Hapo nikasikia kitu kinatetemeka begani mwangu. Ni Wakio. Alikuwa ameuma leso yake ili asicheke mbele ya baba yake, na leso ikashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kuni. Shangazi akafuata, kisha mjomba, kisha mmoja mmoja, watu wanacheka na kukohoa, na mimi sikujua nicheke au niombe radhi, nikafanya yote mawili vibaya. Mzee Mwadime peke yake alibaki amekaza uso, na alikaza muda mrefu, kisha masharubu yake yakaanza kumsaliti.

Mazungumzo yalimalizika mle mle jikoni, kwa sababu hakuna aliyeweza kutoka. Mjomba akasema hotuba yake tena, safari hii machozi yakimtiririka kwa moshi, na baadaye akina mama walisema hawajawahi kumwona msemaji mwenye uchungu wa dhati kama ule.

"Nimekubali," Mzee Mwadime akasema mwishowe. "Kijana huyu macho ya kuchagua hana. Lakini aliulizwa mbele ya watu na akasema ukweli, na sisi tuliokaa na lile bakuli hatukusema. Ila binti yangu hataingia kanisani ndani ya gari lile."

"Hata bila nyuki?" nikauliza.

"Hata bila nyuki."

Tukalala Chawia, maana nyuki walishika gari mpaka giza, na kesho yake Jumapili kanisa zima lilipita bomani baada ya ibada kulitazama, watu waliotoka mbali, wazee kwa fimbo zao, kila mmoja anainama nyuma ya gari, ananusa, anatikisa kichwa, ananipa mkono wa pole kana kwamba nimefiwa. Magurudumu yalikuwa yamegandamana, asali imeungua ikawa kama gundi, halisogei mbele wala nyuma. Likashushwa hadi Mwatate na maksai kwenye ubao wa kuburuta, mjomba akitembea mbele bila kugeuka nyuma, na kutoka Mwatate lori la mkonge likatupa lifti, gari juu ya magunia, mimi juu ya gari.

Fundi Kalasinga alilifungua difu Jumatatu, siku ileile aliyoniambia mwanzoni. Akachovya kidole, akanusa, akanitazama kwa muda, na wala hakucheka.

"Bwana karani," akasema, "mimi nilikwambia linalia. Nani alikwambia linakohoa?"

Tulifunga ndoa, Wakio akaenda kanisani kwa miguu na nyimbo, na gari nililiuza nilipopata mnunuzi asiyetoka Taita. Tangu hapo nimemiliki magari mengine, ya kawaida, yenye paa, na kila moja likitoa mlio wowote nalipeleka gereji, naketi kwenye benchi nje, nasoma gazeti, sisogezi hata kofia. Watu wengine huniambia ni kazi rahisi, ni kufungua na kufunga. Nawasikiliza, nakubali, siinuki. Na siku yoyote mkinikuta nimelala chini ya gari, msidhani ninalitengeneza. Jueni nimeanguka, mniinue.